Lesi ya Kwenda Mbele Tu

Iko siku moja, mwanangu, hainitoki kichwani, hata miye ninayetafuta miwani nyumba nzima na kumbe iko usoni. Ni siku niliyopanda gari kutoka Ibra kwenda Mudhaibi, furushi la lesi mapajani, kwenda kumwomba msaada mwanamke niliyemcheka. Nakuhadithia wewe kwa sababu uliniambia kwenye simu kuwa huko ulikohamia huna mtu. Miye shule niliiacha la tano, haikunimaliza wala sikuimaliza. Lakini kukosa mtu nilikusoma mpaka mwisho.

Nilikuja Ibra, huku Omani, kwa ndoa, miaka ya sabini, bado msichana wa kuchekacheka. Unguja nimeiacha nyuma. Mume wangu kazi yake ilikuwa Nizwa, akiendesha lori la serikali. Anakuja Alkhamisi, Ijumaa jioni huyo anaondoka. Nyumbani nikabaki na shangazi yake, Amma Shamsa, bibi mtu mzima, mwembamba, mpole, asiyejua neno moja la Kiswahili. Na Kiarabu changu miye kilikuwa cha chuo cha Kurani: nilijua kuomba Pepo, sikujua kuomba chumvi.

Asubuhi wanawake wa mtaa huzungukiana kunywa kahawa, nami nikachukuliwa. Hakuna aliyenambia kuwa ukitosheka unatikisa kikombe. Miye nikawa narudisha changu kwa adabu, kinajazwa, narudisha, kinajazwa. Nilitoka pale moyo unakwenda mbio kuliko miguu. Walikuwa watu wema, sisemi uongo. Wananikalisha pazuri pa mkeka, wananipa tende ya mwanzo, na hawaniachi nioshe hata kikombe kimoja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Miye miezi inapita, jembe silioni. Usidhani ni raha, mwanangu. Mtu asiyepewa la kufanya huwa kama lile sanduku la Zanzibar la misumari ya shaba: linafutwa vumbi, linasifiwa, halifunguliwi.

Kilichonibakia ni lesi. Lesi ya kufuma kwa mkono, kwa ile sindano yenye ncha ya kulabu, uzi mweupe mwembamba, kitanzi baada ya kitanzi mpaka matundu yanakuwa maua. Nilifundishwa na bibi yangu Unguja, lakini kama kila nilichosoma, sikufika mwisho. Alinifundisha kwenda mbele. Kupinda pembe, alisema, ntakufundisha mkono ukishatulia. Na kabla mkono haujatulia nikaolewa, nikasafiri. Basi pale Ibra nikawa nafuma mbele tu, kama gari lisilo na usukani. Lesi ikawa ndefu, ikazunguka chumba, ikatoka mlangoni. Amma Shamsa alikata kipande akafungia majani ya mbuzi. Nikasema alhamdulillahi, angalau mbuzi kafaidika na elimu yangu.

Sasa nikwambie huyo mwanamke. Mudhaibi alikuwako Bi Nasra, Mwarabu wa huku huku kwa asili yake, lakini aliyezaliwa na kukulia Tabora. Idi ya kwanza mume wangu akanipeleka nikamwamkie, kwa kuwa ni mkubwa wangu na anasema Kiswahili. Kwa hali niliyokuwa nayo, ningepaswa kumkumbatia nisimwachie. Lakini wakati ule sisi tuliotoka mjini Unguja tulijiona vyombo vya kaure, na watu wa bara tukiwatazama kwa upande wa jicho. Na nyumbani kwa Bi Nasra kila kitu kilikuwa na kifuniko cha kufuma, cha duara, chenye ushanga pembezoni. Jagi limefunikwa. Redio imefunikwa. Chupa ya chai, kopo la maziwa ya unga, vyote. Ndicho alichokijua kufuma, duara. Nikamnong'oneza mume wangu kuwa tuondoke, maana mtu akikaa sana humu naye atafunikwa.

Mnong'ono wangu, unaujua, husikika nyumba ya tatu. Bi Nasra akasikia. Akanimiminia chai nyingine, na miye sikurudi tena kwake. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Basi miye nimeshatukana, na uzazi huo ukaja.

Jirani yetu alikuwa anamuoza binti yake, Rahma. Mama mtu akaja nyumbani, akaiona lesi mlangoni, akaishika, akasema maneno marefu na Amma Shamsa. Amma Shamsa akanifahamisha kwa mikono: wanataka kitambaa cha kufunikia sinia la biharusi, lile linalobebwa kichwani na udi na mafuta na hina, mtaa mzima unalitazama. Kitambaa cha mraba, lesi pande zote. Nikajibu kwa Kiarabu changu zeni, zeni, yaani vyema, inshaallah. Hata wangeniomba nijenge ngome ningesema zeni. Ilikuwa mara ya kwanza mtu pale kunipa jembe.

Mama yule alipoondoka nikakaa na kitambaa changu, ndipo nikakumbuka kuwa mraba una pembe.

Nilijaribu kuikunja lesi penye pembe na kuishona, ikavimba kama sambusa. Nikaikata nikaiunga, ikawa kama jino la kubandika. Amma Shamsa akipita anatazama, anakwenda zake, na kule kwenda zake bila neno ndiko kulikoniuma. Maana nilijua kitakachofuata. Kitambaa kikiharibika hawatanikasirikia. Watasema maskini mgeni, watanipa tende ya mwanzo, na hawataniomba kitu tena mpaka nizikwe. Alkhamisi mume wangu alipokuja nikamwambia kesho anipeleke Mudhaibi. Akauliza kwa nani. Nikachukua kipande cha lesi nikakifunika kikombe chake. Akacheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake mume wangu akanishusha, akaenda zake na gari. Bi Nasra alifungua mlango, akanitazama miye, akalitazama furushi.

"Shikamoo, Bi Nasra."

"Marahaba. Umekuja kufunikwa?"

Mwanangu, nilicheka na machozi yakanitoka, na mpaka leo sijui kipi kilitangulia. Nikamwambia nimekuja anifundishe pembe. Akasema pembe haijui. Yeye kule Tabora alifundishwa duara tu, na alipouliza mengine aliambiwa duara linamtosha mtu mwenye jagi. Nikaona basi, safari yangu imekuwa ya bure. Nikaanza kufunga furushi, akaniambia nikae, gari si limekwenda?

Tukakaa mkekani, lesi yangu ndefu huku, vifuniko vyake kule, kama mafundi wawili wa nyumba moja, huyu anajua kuta tu na yule anajua paa tu. Tukatazama. Tukanywa chai. Ni yeye aliyekwenda kukivua kifuniko cha redio, akakikunja, akakikunja tena, kikawa robo. Akakiweka penye pembe ya kitambaa changu.

"Hebu tazama," alisema. "Pembe si duara lililoachwa njiani? Unakuja na yako. Ukifika hapa unachukua yangu kidogo, kisha unarudi kwenye yako."

Kusema kulikuwa rahisi. Tukitia vitanzi vichache, lesi inajikunja kama kikombe. Tukizidisha, inasimama kama upanga wa jogoo. Mwisho miye nikataka kuivuta kwa nguvu, tena tubandike ushanga juu yake pasionekane. Hapo akanikamata mkono.

"Acha kuvuta. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kosa haliko hapa palipovimba, hapa limetokeza tu. Limeanza kule nyuma, ulipokuwa unajiona unakwenda vizuri. Fumua mpaka pale lesi ilipolala."

Nikamwambia kwa hasira nimeshafumua mpaka uzi umechoka.

"Uzi hauchoki wala haukasiriki. Wewe ndiye."

Akachukua ncha akaivuta mwenyewe, na kazi ya asubuhi nzima ikarudi kuwa donge la uzi. Na huku anavuta, bila kunitazama, akasema taratibu kuwa siku ile ya Idi aliningoja tangu alfajiri. Alisikia kuna mtu anakuja anayesema Kiswahili, na mwaka mzima hakuwa na wa kuzungumza naye. Akafagia, akapika vitumbua, akaweka vifuniko vyote vipya.

Sikuwa na mzaha hapo, mwanangu, miye ambaye hata kwa daktari hutania. Nikamwomba radhi.

"Hiyo nayo tumeshaifumua," akasema. "Shika sindano."

Baada ya sala ya alasiri pembe ikalala. Ilikuwa bapa, imetulia kama paka mkekani. Gari likapiga honi nje na wala hatukuwahi kujisifu.

Pembe moja tuliifuma wawili. Zilizobaki nilizifuma peke yangu, Ibra, mlango umefungwa, Amma Shamsa kwenye tasbihi yake. Kila ilipovimba nilifumua, na nilikuwa nasema kwa sauti, fumua mpaka pale ilipolala, fumua mpaka pale ilipolala, Kiswahili changu kinagonga ukuta wa udongo na kunirudia mwenyewe. Amma Shamsa alidhani naleta uradi. Akaanza kuniitikia amin.

Siku ya harusi sinia likapita. Mama yake Rahma alipitisha kidole pembe hii, akapitisha pembe ile. Kisha akaniashiria nifuate jikoni, akanisogezea beseni la vikombe. Nikaosha vikombe vya mtaa mzima kama mtu aliyepewa uwaziri. Na baadaye Rahma mwenyewe akawa anakuja kwangu kujifunza. Nilimfundisha kufumua kwanza, kufuma baadaye, naye kila akikaa ananifundisha neno la Kiarabu. Hivyo ndivyo nilivyopata chumvi.

Sitakudanganya kuwa upweke ulikwisha. Ulikaa kando kidogo, ukanipa nafasi. Bi Nasra tulionana kila gari lilipopatikana, nami nikawa namfundisha kwenda mbele. Mstari wake ulipinda kila mara, mkono ulishazoea duara, tukicheka mpaka chai inapoa. Kisha, miaka ya themanini, mumewe akahamishiwa kazi Sur, zikabaki salamu za mdomo kwa wapitao. Habari kamili niliyoipata baada ya hapo ilikuwa ya msiba wa Bi Nasra mwenyewe.

Nilikwenda. Nilikaa matangani katikati ya wanawake wa Sur, wote wanamtaja kwa wema, na Kiarabu changu wakati huo kilinitosha kuwaitikia. Lakini nilipotaka kumlilia, maneno yote yaliyonijia yalikuwa ya Kiswahili, na mtu ambaye angeyafahamu ndiye tuliyekuja kumlilia. Nikayameza.

Basi nakuusia, mwanangu. Huko uliko usimkagulie mtu matamshi yake wala vitu vya mezani kwake. Nenda kamwamkie kabla hujawa na shida naye, maana huenda amefagia tangu alfajiri. Ulichokijua nusu usikionee haya. Kichukue upeleke kwa mwenye nusu nyingine. Na mambo yakivimba baina yako na mtu usiyavute, wala usiyafunike kwa ushanga. Rudi nyuma mpaka pale yalipolala, hata kama itakugharimu asubuhi nzima, na urudi mapema. Miye nilimkuta Bi Nasra yuko hai, ana chai ya kunimiminia. Wako wanaofika wakakuta mlango umefungwa.

Mungu akujaalie jirani wa kukugongea mlango bila ya sababu, na wewe akupe miguu ya kutangulia kumgongea. Akulinde ugenini, akutulize mkono na moyo, na neno lako la Kiswahili lisikose wa kuliitikia. Amin, mwanangu. Amin.