Pointi Tano Zilizopotea Ujiji

Juzi nilikwenda Ujiji kununua mabati, nikanyamaza ghafla katikati ya kubishana bei. Muuzaji akadhani ni mbinu, akashusha. Sikumwambia ukweli, kwa sababu bei ikishashuka mtu haisumbui kwa maelezo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeinua macho juu ya misumari na makopo ya rangi, nikaona ukutani ile alama ya mstatili, nyeupe kuliko ukuta wenyewe, mahali lilipokuwa limening'inizwa shuka. Nikajua nimesimama wapi. Hapa palikuwa banda la video. Hapa ndipo mama yangu mdogo alipokaribia kumkosa mume kwa sababu ya tenisi.

Usicheke, jambo hili nimelihesabu mara mbili kabla ya kuliandika. Kuhesabu mara mbili nilijifunza kwa Bibi. Alikuwa anauza mawese, na chupa zake alizihesabu kwenda na kurudi: kutoka mlangoni hadi ukutani, kisha kutoka ukutani hadi mlangoni. Hesabu mbili zikikubaliana, bado aliuliza nani aliingia humu asubuhi. Herufi hakuzijua hata moja. Kwa tarakimu hakuna aliyemdanganya. "Herufi ni maneno ya watu," alikuwa akisema. "Tarakimu ni kitu chenyewe."

Banda lilikuwa la matofali mabichi, na mabenchi yake yalikuwa mbao za mtumbwi uliokufa. Ukikaa saa mbili unatoka unanukia dagaa hata kama nyumbani mmekula maharage. Jumamosi baada ya adhuhuri ilikuwa zamu ya akina mama na watoto. Jenereta liliunguruma nyuma ya ukuta, madirisha yakazibwa kwa magunia, na mtafsiri akasimama pembeni ya shuka na kipaza sauti chake, akitugeuzia Kiingereza kuwa Kiswahili, sauti ya mwanamume, ya mwanamke, ya mbwa, zote yeye.

Lakini banda letu lilikuwa na sheria ambayo sijaisikia kwingine. Mtu mzima yeyote asiporidhika alipiga kelele, "Simamisha!" Mtafsiri alilazimika kusimamisha picha na kujibu. Picha ya saa moja na nusu tuliimaliza kwa saa tatu. Hatukuwa tunatazama sinema, tulikuwa tunaihoji.

Mtafsiri alikuwa kijana wa Rusimbi, mrefu, mpole, shati lake limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Kiingereza alikiokota bandarini kwa abiria wa meli. Alimpenda mama mdogo, kitinda mimba wa Bibi, fundi cherehani, naye mama mdogo alimpenda. Jambo hilo Ujiji nzima ililijua, Bibi alilijua zaidi, na alishasema atatoa jibu baada ya Mfungo. Mpaka hapo alikuwa anachunguza. "Kiingereza cha bandarini ni cha kubebea mizigo," alisema. "Nitajuaje kama anayotwambia ndiyo yanayosemwa?" Ndiyo maana kila Jumamosi mama mdogo alipokwenda bandani, mimi nilitumwa niende naye. Nilikuwa na miaka kumi na macho mawili, na Bibi aliyahitaji yote.

Ndipo ikaja picha ya tenisi.

Ilikuwa picha ya mapenzi na vichekesho. Binti mmoja anacheza tenisi ya kulipwa, baba yake ndiye kocha, na baba amemkataza mapenzi kwa sababu eti yanalegeza mkono. Hotelini wanakosea funguo, anakabidhiwa chumba kimoja na mchezaji wa kiume kutoka nchi nyingine. Unajua kilichofuata. Anaanza kupenda, anaanza kushindwa.

Mabenchi hayakumwamini mtu yeyote katika picha ile. "Nguo imekwisha kabla ya mtu kwisha," alisema mama mmoja muuza samaki wa migebuka, akiitazama sketi fupi ya binti. Mwingine akataka kujua hoteli gani kubwa hivyo haina chumba cha pili. Kijana wa kwenye picha alipovunja raketi kwa hasira, jirani yetu, mama aliyetoka Burundi, akashika kichwa, akamwita Mungu kwa Kirundi: "Mana yanje! Leo kavunja hiyo, akioa atavunja masufuria!" Na yule mzee aliyekaa juu ya kiti kirefu katikati ya uwanja?

"Simamisha! Huyo wa juu ni mjomba wa nani?"

"Ni mwamuzi, mama."

"Mwamuzi wa mpira wa miguu hukimbia. Huyu amekaa. Kalipwa na nani?"

Yote hayo yalipita. Kilichokwama ni hesabu. Binti alipata pointi ya kwanza, mtafsiri akasema, "Kumi na tano." Watu wakaguna: pigo moja kumi na tano? Mchezo wa matajiri, sawa. La pili: "Thelathini." Sawa, inakwenda. La tatu: "Arobaini."

Vidole vikaanza kuhesabu. Kisha banda zima likapiga kelele kwa pamoja. "SIMAMISHA!"

Fikiria waliokuwa wamekaa pale. Wauza dagaa, wauza mawese, wauza chumvi, wanawake ambao hata wakisali hawaachi kuhesabu. Kumi na tano, thelathini, halafu arobaini? Zile tano zimekwenda wapi?

"Ndivyo wanavyohesabu, mama zangu," alisema mtafsiri, na jasho limeanza.

"Wanavyohesabu wao au unavyohesabu wewe?"

Wakamgeukia mwalimu wa hesabu, aliyekuja kumleta mkewe akakaa kabisa, na ambaye hata Jumamosi alikuwa na chaki mfukoni. Akasimama taratibu. Akasema mfuatano wa kumi na tano ni kumi na tano, thelathini, arobaini na tano, sitini, na kwamba mzungu aliyetuletea hesabu hizo shuleni hawezi kuziharibu mwenyewe uwanjani. Makofi. Ikawa imeamuliwa: mtafsiri hajui Kiingereza, au anakijua na anatuficha.

Tulipofika nyumbani habari ilikuwa imeshatangulia. Bibi alikuwa anachuja mawese, hakuinua kichwa. "Mtu anayepoteza tano kwenye arobaini na tano mbele ya watu," alisema, "nyumbani peke yake atapoteza ngapi?" Kisha akaongeza kwamba Jumamosi inayofuata atakwenda mwenyewe.

Mama mdogo hakula usiku ule. Kesho yake tulikwenda kufua ziwani, na mtafsiri akapita, kwa bahati tu kama ilivyokuwa kila Jumapili. Walizungumza huku mama mdogo akisugua shuka moja kwa muda wa kutosha mashuka sita. Nilisikia kila kitu.

"Sema arobaini na tano," alimwambia. "Mama anakuja. Atasikia hesabu imekaa sawa, ataridhika."

"Lakini ni arobaini."

"Nani hapa anaijua tenisi? Unaoa tenisi au unanioa mimi?"

Alisimama pale maji yakimlowesha viatu. Mwishowe akaitikia kwa kichwa. Mimi niliahidiwa vitumbua viwili ili ninyamaze. Nilisema siwezi, nikapewa vitatu.

Jumamosi Bibi alikaa benchi la mbele, kanga mbili, mikono mapajani. Banda lilijaa watu waliokwisha kuiona picha, kwa sababu hakuna aliyekuja kwa picha. Pigo la kwanza: kumi na tano. La pili: thelathini. La tatu, mtafsiri akavuta pumzi: "Arobaini na tano!"

Shangwe. Mwalimu wa hesabu akainama kushukuru kama aliyefunga goli yeye. Mama mdogo akanibana mkono kwa furaha. Picha ikaendelea, binti akashinda fainali, baba akalia, kijana akaruka uzio na kupiga goti, akatoa pete ndani ya kopo la mipira. ("Simamisha! Pete iliingiaje kwenye kopo ambalo halijafunguliwa?") Watu walitoka wameridhika, wakisema kijana sasa amejifunza kazi.

Bibi alitutangulia njia nzima. Tulipofika mlangoni ndipo aliposimama. "Pembeni pa picha paliandikwa nne na sifuri," alisema. "Kila aliposema arobaini na tano, paliandikwa nne na sifuri. Nimeangalia kwenda na kurudi." Akavua ndala. "Wiki iliyopita alisema kweli, tukamwita mwongo. Leo ametudanganya, tukampigia makofi. Mwiteni kesho."

Alikuja asubuhi, shati lile lile la mikunjo. Bibi alikaa mkekani barazani, mama mdogo alikuwa kwenye cherehani yake dirishani, mguu unakanyaga lakini sindano haina uzi. Hilo niliona mimi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ile ya tatu ni ngapi?"

"Arobaini, Mama."

"Ulisema ngapi?"

"Arobaini na tano."

"Nani alikwambia useme hivyo?"

Nilimtazama. Nilidhani atageuza macho dirishani, hata kidogo tu, kama mtu anayefuata nzi. Hakugeuza.

"Kipaza sauti nilishika mimi, Mama."

"Basi shika na njia," Bibi akasema. "Binti yangu hapewi mwanamume anayebadili hesabu kwa kufuata kelele. Leo ni kelele za banda. Kesho zitakuwa za ndugu zako."

Akainama, akaaga kwa heshima zote, akatoka uani. Cherehani ikanyamaza. Mama mdogo alitoka nje na kipande cha kitambaa mkononi, hata hakujua amekishika, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona mtu mzima anamwogopa mama yake kama sisi tunavyomwogopa.

"Mama, tano ile niliiongeza mimi. Yeye alikataa. Nilimlazimisha."

 Bibi alinigeukia mimi. "Ulijua?"

"Nilijua, Bibi."

"Kwa nini?"

"Vitumbua vitatu."

Alifumba macho kitambo. Nafikiri alikuwa anapanga familia yake upya, akianzia mlangoni hadi ukutani. "Nimeweka askari, askari amekula," alisema. "Nimelea mwongo, halafu nimemfukuza mgeni. Kimbia ukamwite. Hajafika mbali, anatembea kama mtu anayetaka kuitwa."

Kweli alikuwa bado kwenye kona, anafunga kamba ya kiatu kisicholegea. Aliporudi Bibi alimuuliza jambo moja tu: kwa nini hakumtaja mama mdogo.

"Ningemtaja, ungeanza kumshuku yeye, Mama."

"Mimi namshuku kila mtu," alisema Bibi. "Yeye ndiye niliyeanza naye, siku ile ile aliyozaliwa. Sikiliza. Nilitaka kujua kama Kiingereza chako ni cha kweli, kumbe ni cha kweli. Sasa nataka kujua kama una mgongo. Jumamosi utasema arobaini. Watapiga kelele. Waache wapige."

Walipiga. Sijapata kusikia kelele kama zile mpaka leo, na nimekaa soko la Kigoma miaka mingi. Mtafsiri alisema arobaini, wakamsimamisha. Akarudisha picha nyuma, akasema arobaini tena, sauti inatetemeka lakini tarakimu haitetemeki. Mwalimu wa hesabu aliondoka na mkewe. Mtu akatishia kuvunja benchi. "Ni arobaini, mama zangu. Sijui kwa nini. Lakini ni arobaini."

Ndipo Bibi aliposimama mbele, kivuli chake kikaziba uwanja mzima wa tenisi na yule binti ndani yake.

"Ni arobaini," alisema. "Imeandikwa, nimeiona."

"Kwa nini arobaini, Bibi?" akauliza muuza migebuka.

"Mimi nitajuaje? Si kila hesabu ya duniani ni yako. Kaeni, tuone kama huyu binti anaolewa."

Wakakaa.

Mama mdogo naye akaolewa, baada ya Mfungo, wali na kuku na mawese ya Bibi mwenyewe, na mtafsiri alipoulizwa na shehe kama ameridhia, mtu kutoka nyuma akapaza sauti, "Simamisha!" hadi shehe akacheka. Wanaishi Simbo sasa, wana shamba la michikichi na watoto wanne. Bado wanabishana kuhusu nani alimshawishi nani. Nimewasikiliza wote wawili, siwaamini wote wawili.

Bibi alikwenda kwa Mola wake, jirani yetu akarudi kwao Burundi, jenereta likauzwa vipuri. Banda lilikufa polepole, kila mtu alipoanza kuwa na televisheni yake, kisha simu yake, picha yake mwenyewe kiganjani. Mwanangu aliniambia hata sasa watazamaji wanatoa maoni yao mtandaoni, nikavaa miwani nisome. Ni mengi mno. Wapo maelfu kwa maelfu, kila mmoja na nyota zake, wanasifu na kutukana kutoka nchi nisizozijua. Niliyasoma kwenda na kurudi. Hakuna hata mmoja anayeweza kumsimamisha yule anayesimulia, amwangalie usoni, amuulize tena. Na hakuna hata mmoja anayejua ni binti wa nani, pale pale benchini kama mama mdogo, anayesubiri jibu.