Mgongo wa Susu na Nyayo za Mama

Utoto wangu ulipita katika nyumba ambayo watu waliijia ili wakanyagwe mgongo. Mama alikuwa amezaa pacha, mimi na ndugu yangu Mutua, na kwetu upande wa Wamunyu iliaminika kwamba mwanamke wa namna hiyo ana dawa kwenye nyayo. Ukiumwa na mgongo unalala kifudifudi, anakukanyaga taratibu, unaamka mzima. Mama hakuwahi kusema kama aliamini. Alirudi kutoka shambani amechoka, akakuta mtu amelala mkekani uani, akavua ndala, akapanda.

Aliyemsifu kuliko wote ni Susu, bibi yetu mzaa baba. Kwa hiyo asubuhi ile ya kiangazi alipoinua mtungi wa maji na kiuno kikamshika, hakutaka kusikia habari za hospitali. Alitembea akijishikilia ukutani na kumwambia Mama amkanyage.

Mama alikataa. Wageni sawa, lakini mama mkwe? Alimheshimu kiasi kwamba hakuthubutu kulitaja jina lake. Susu alibembeleza, kisha akakasirika, akaanza kuwaambia majirani kwamba mkaza mwanawe anaponya watu baki na kumnyima yeye. Baba alikuwa kiwandani Athi River na alirudi mwisho wa mwezi tu. Kwa hiyo kila usiku Mama alimgeuza Susu kitandani, na alfajiri akaenda mtoni kuchota maji, akarudi kulima, akapika, na manung'uniko yakamngoja palepale.

Jumapili moja baada ya kanisa Susu alilala mkekani, na Mama akavua viatu.

"Mwaitu," alisema, maana ndivyo alivyomwita, mama kwa Kikamba, "nikikuumiza uniambie."

"Panda tu."

Mimi na Mutua tulikuwa kizingitini tukichambua mbaazi. Nilisikia sauti ndogo, kavu. Susu hakulia. Alishusha pumzi ndefu, akaomba maji, na alipojaribu kuinuka akashindwa.

Pikapu ya jirani ilimpeleka hospitali, mimi nikimshika kichwa. Alipigwa eksirei. Daktari, dada mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, alieleza kwamba mifupa ya Susu ilikuwa imepoteza uzito kwa sababu ya umri, ikawa na vitundu ndani, na pingili mbili za mgongo zilikuwa zimebonyea.

Mama aliuliza swali moja tu. "Ni mimi nimemvunja?"

Daktari aliitazama tena ile picha. Akasema pingili moja iliumia mapema, pengine siku ile ya mtungi, kwani mifupa ya hivyo huvunjika hata kwa kikohozi. Hiyo nyingine hakuweza kusema. Ila Susu asikanyagwe tena, wala asikandwe kwa nguvu.

Tukarudi nyumbani na hilo ambalo daktari hakuweza kulisema. Baada ya hapo, miaka ikawa ni kazi. Vidonge vya kalsiamu, vya maumivu, maziwa kila siku, kuota jua la asubuhi. Asiiname, asibebe kitu, lakini asilale mchana kutwa, kwa hiyo Mama alimtembeza polepole hadi kwenye mikonge ya mpakani na kurudi. Aliondoa mawe yote uani asije akajikwaa. Waliokuja kukanyagwa aliwarudisha, wakasema ameanza kuringa. Maumivu yalipungua, ila hayakuisha, na mgongo ulibaki umepinda.

Jioni moja ya mvua Susu alilala kwa ubavu, akamwomba tena. "Usikanyage. Weka tu."

Mama aliketi kwenye kiti kando ya kitanda, akaweka unyayo mmoja juu ya kiuno chake bila uzito wowote, kama mtu anayepima kama maji ni ya moto. Susu alilala usingizi. Baada ya hapo ikawa hivyo jioni nyingi, mpaka alipofariki, na mara kadhaa nilimkuta Mama naye amesinzia kitini, mguu uko palepale.

Majuzi nilimpeleka Mama kupimwa mifupa, maana amefika umri ule. Tukiwa kwenye benchi nilimuuliza kama bado anafikiria kwamba ni yeye aliyeuvunja ule mgongo.

"Sijui," alisema. "Lakini siku hiyo nilikuwa nimechoka. Ningekuwa na nguvu, ningekataa tena."

Miaka yote nilidhani ni imani iliyompandisha juu ya ule mkeka. Nilihesabu umri wake wa wakati ule na kuona alikuwa mdogo kuliko mimi nilivyo sasa, akiwa peke yake na mgonjwa, watoto wawili na shamba. Nikamshika mkono tukaendelea kungoja kuitwa.