Paka wa Kitanda Namba Nne

Mama yangu alimsukuma paka mara tatu, na mara mbili nilimrudisha.

Paka mwenyewe hakuwa hai. Wa betri. Ukimpapasa anakoroma, anageuza shingo, anafumba macho.

Nesi alimleta ICU siku ya sita tangu mama alazwe.

"Huyu hali, hachafui, hanisumbui," alisema. "Angekuwa mwanamume ningeolewa naye."

Sikucheka. Kulia pia sikulia. Nilikuwa kama gogo. Nilisali kila saa, maneno yakatoka, moyo haukuwepo. Daftari la masomo ya jioni lilikaa mapajani, sijaandika hata mstari.

Mama alishachomoa mpira wa kupumulia mara moja. Daktari alinipasulia ukweli: akiuchomoa tena, tunaweza kumpoteza. Ndiyo maana alifungwa mikono kitandani kwa bandeji.

"Tumfungue, tumpe paka," nesi alisema. "Wengine hutulia. Akikataa, dada, nafunga tena."

Akamfungua.

Nikamlaza paka tumboni kwake. Akamsukuma upande wangu.

Nikamrudisha. "Mama jamani, mshike basi."

Akasukuma tena. Macho yamemtoka. Mkono mmoja ukaanza kupanda kuelekea mdomoni.

Nesi akaokota bandeji. "Pole, dada."

Nikamrudisha paka haraka haraka. Mama akamsukuma kwa nguvu zake zote, paka akaniangukia juu ya daftari.

Nikamdaka. Sijui kwa nini nilianza kumpapasa. Akakoroma.

Mkono wa mama ukashuka. Ukatua juu ya wangu, ukatulia hapo.

Mapigo yake ya moyo kwenye kioo cha mashine yakaanza kupungua. Mia na thelathini. Mia na kumi. Tisini na nane.

"Makubwa haya," nesi alisema, bandeji bado mkononi.

Hakufungwa tena. Kila siku nilikaa pale nimempakata paka, mtu mzima mimi, na mama akinitazama hadi asinzie.

Wiki iliyofuata mpira ulitolewa. Sauti yake ilikwaruza kama mchanga.

"Mama, mbona ulimkataa paka?"

"Nani alimkataa? Nilikuwa nakupa wewe. Ulikuwa unatetemeka mwanangu, kiti chako kinagongagonga kitanda changu. Ningetuliaje?"

Naapa sikujua. Mimi niliyejiona gogo.

Wapendwa, ukimuuguza mtu usijitie chuma. Anakuona.

Siku zote zile nilimwomba Mungu amtulize mama. Kumbe alianza na mimi.