Mgonjwa Haambiwi

Mwaka niliojifunza Kifini nilichoka hadi nikawa nasinzia nimesimama. Mimi ni muuguzi. Asubuhi hadi alasiri nilikuwa wodi ya wanawake hapa Mpanda, kisha nakimbilia nyumbani Ilembo kuwahi darasa la kwenye simu. Kampuni moja ilikuwa inatafuta wauguzi wa kwenda kutunza wazee Ufini, na masharti yake yalikuwa mepesi kuyasema: ujifunze lugha, ufaulu mtihani wa kuzungumza, upande ndege. Walipotaja mshahara wa huko, kila muuguzi alianza kujenga nyumba kichwani mwake.

Saa za huko hazipishani sana na zetu, kwa hiyo hata kisingizio cha usiku sikuwa nacho. Mtandao ulishika sehemu moja tu pale nyumbani, nyuma ya jiko, nami nilikaa hapo juu ya ndoo niliyoifudikiza. Mvua ikianza, bati lilipiga kelele nisimsikie mwalimu. Kuku wangu wamesikia Kifini kingi kuliko mtu yeyote mkoani Katavi, na wao pia hawakukielewa.

Lugha yenyewe sitaisifia. Sisi neno tunalibebesha mizigo mbele. Wao wanaifunga nyuma, na wanaendelea kufunga mpaka neno linakuwa refu kama treni ya Tabora. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mpole, asiyecheka ovyo. Ukimaliza kusema, alikaa kimya kwanza. Mwanzoni nilidhani simu imekata, nikawa naita haloo, haloo, naye ananitazama tu. Baadaye nikajua kwamba huko kunyamaza ni namna ya kumsikiliza mtu.

Katika chumba kilichopakana na jiko alikuwa amelala mama yangu. Tulimtoa kijijini kwetu Mwese wakati wa kiangazi, alipoanza kushindwa kumeza ugali. Nilimpeleka hospitali Mbeya, wakachukua kinyama cha kooni kwenda kupima, na majibu nikapewa mimi mkononi: saratani ya koo la chakula, imeshasambaa, hakuna cha kukata. Niliporudi, mjomba, kaka yake mama, akaita kikao cha ndugu.

"Mgonjwa haambiwi," alisema. "Mkimwambia, nyie ndio mtakuwa mmemuua."

Tukakubaliana kwamba mama ana vidonda vya koo na dawa zitamponya taratibu. Sikubisha. Hata wodini tunafanya hivyo hivyo: majibu yakiwa mabaya, unaita ndugu, mnasimama barazani mnanong'ona, na mgonjwa ndani anaendelea na uji wake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu mwenye maradhi hafichi chochote, wanaoficha ni wazima.

Mtihani ulipokaribia tukaanza mazoezi ya maigizo. Mwalimu anakuwa mgonjwa, mimi nakuwa muuguzi. Siku hiyo alikuwa bibi mwenye saratani, daktari ameshapita, na bibi anamuuliza muuguzi kama ni kweli hatapona. Nilimsalimia vizuri. Nilimuuliza amelalaje. Kisha, kwa Kifini changu cha kuungaunga, nikamwomba anionyeshe ndugu aliyemleta ili nizungumze naye nje.

Akanyamaza, kama kawaida yake. Nikasema tena, nikidhani nimekosea maneno.

"Mgonjwa ni mimi," alisema. "Zungumza na mimi."

Alinieleza polepole kwamba maneno yangu yalikuwa sawa, ila huko kwao ningekuwa nimemkosea sana yule bibi. Habari ya mwili wake ni mali yake, na ndugu hawapewi bila ruhusa yake. Akiuliza, anajibiwa, na unabaki naye kitini. Akanipa sentensi ya kuanzia niifanyie mazoezi mpaka itoke bila kukwama: Minulla on teille ikäviä uutisia. Nina habari mbaya ya kukueleza.

Nikawa naisema kila siku. Nikichambua mchele naisema, nikifua naisema, nikimpelekea mama uji mwepesi naisema chinichini huku nimeshika kikombe chake. Niliona aibu kidogo, nikajituliza kwamba haelewi. Naye alikuwa anakonda hadi pete ya ndoa akaivua mwenyewe na kunipa niitunze, isije ikapotelea shukani. Akiniuliza dawa zitaanza lini kufanya kazi, nilimwambia zinachukua muda. Kusema kweli nilimchukia mjomba siku zile, na mtihani, na sauti yangu mwenyewe.

Alasiri moja, mvua za masika zimeshakolea, nilikuwa nampaka mafuta miguuni. Kwetu tunazungumza Kibende, na kwa Kibende akaniuliza lile neno ninaloliimba kila siku maana yake nini.

Ningeweza kumwambia ni salamu. Uongo huo ulikuwa mdogo kuliko mwingine wote niliokwisha kumwambia. Lakini nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hata kudanganya kunamshinda.

"Maana yake, nina habari mbaya ya kukueleza."

Hakushtuka. Akavuta khanga ikamfika kifuani.

"Basi nieleze," alisema.

Nikamweleza. Kwa Kibende sikuwa na sentensi niliyoifanyia mazoezi, kwa hiyo nilisema vibaya, nikirudiarudia, nikitafuta neno la saratani na kulikosa, nikasema tu kwamba ni ugonjwa unaokula koo na hautaacha. Nilimwambia pia kwamba tumejua tangu kiangazi. Kisha nikabaki naye, miguu yake ikiwa mapajani mwangu.

Nilitegemea alie. Badala yake alikasirika, na mama yangu akikasirika alikuwa na ulimi wa upupu. Aliniambia kiangazi barabara ya Mwese ilikuwa kavu. Kiangazi alikuwa na nguvu ya kukaa kwenye pikipiki mwenyewe. Angeenda kwake, angemwonyesha mdogo wangu mipaka ya shamba la maharage kabla majirani hawajaisogeza, angelala kwenye kitanda chake, akisikia kengele ya kanisa lake. Sisi tumemlaza Ilembo anywe dawa za uongo mpaka mvua ikakata njia. Yote yalikuwa kweli.

"Nirudisheni nyumbani," alisema mwishowe. "Hata kwa machela."

Mjomba nilipompigia alifoka mpaka akapaliwa. Baadaye alituma ujumbe kwamba barabara ingepitika siku mbili tatu tu kama mvua ikitulia, na kwamba amepata gari lenye nguvu la mfanyabiashara wa mahindi, linapanda Mwese Alhamisi. Mtihani wangu ulikuwa Alhamisi hiyo hiyo. Asiyeufanya siku hiyo anaondolewa kwenye kundi, tulishaambiwa. Mama nilimwambia na hilo, sikuwa na hamu tena ya kuficha. Aliwaza kidogo, akasema Ufini haina masika, itanisubiri. Tulijua wote wawili kwamba haitasubiri.

Jumatano nikakaa juu ya ndoo yangu, nikampigia mwalimu. Alidhani nataka mazoezi ya mwisho, akaniambia nianze. Sikumsalimia. Sikuuliza hali ya hewa. Nilisema, kwa Kifini, kwamba mama yangu anakufa, kesho nampeleka nyumbani, na mtihani sitafanya.

Akanyamaza. Safari hii sikuita haloo. Tulikaa hivyo, yeye kwao, mimi na kuku wangu, na sikumbuki mtu mwingine yeyote aliyenipa pole ndefu namna ile bila kufungua mdomo. Halafu akanipa pole ya maneno, akaniuliza kama mama ameambiwa. Nikasema ameambiwa, nimemwambia mimi.

Kisha, kwa kuwa mwalimu ni mwalimu, akasema sikukosea hata neno moja. Hapo ndipo nilipolia.