Mixa Imeombewa, Mke Wangu Hana Pa Kuchomeka

"Mixa ni mixa, Mwalimu. Matundu kumi na sita ni matundu kumi na sita." Hivyo ndivyo mwenyekiti wa kamati ya kanisa letu alivyonijibu mbele ya watu, wakampigia makofi. Uongo mtupu! Ni sawa na kusema ploti ni ploti, hata kama moja imebanwa na kuta za majirani pande zote na nyingine ina nafasi nyuma ya kujenga tena.

Admin, nifiche jina. Mimi ni mwalimu, nina miaka hamsini na mbili, natoka upande wa Kola. Kanisani ndimi ninayeshughulikia vyombo vya sauti, kwa kujitolea. Tulipotaka mixa ya dijitali, chombo cha kuchanganya sauti ambacho kila tundu lake huchomekwa maikrofoni au kinanda kimoja, mfuko ulikuwa mwembamba, kwa hivyo nilisoma, nikauliza, nikawaletea mbili za bei moja, matundu kumi na sita kila moja. Ya kwanza ilikuwa ndogo, haina urembo, lakini mkijaliwa baadaye mnaiongezea sanduku la matundu kule jukwaani kwa waya mmoja tu, inabeba maikrofoni maradufu. Ya pili ilijaa vitufe na taa, lakini ilivyozaliwa ndivyo itakavyokufa.

"Hiyo ndogo itatuaibisha," mwenyekiti akasema. "Watu wamechanga, wanataka kuona kitu."

Wakanunua ile ya taa.

Kwetu kikundi hakiji mikono mitupu siku ya kubariki chombo. Wazee wakaleta maikrofoni yao imefungwa utepe, vijana yao, Sunday school yao. Mchungaji akaziombea zote, na kila kikundi kikadai tundu lake. Kwaya ya akina mama ilifika na yake mwisho, maana walikuwa jikoni wakiwapikia wageni. Kwa mimbari, vinanda na vikundi vyote hivyo, matundu yalikuwa yamekwisha.

Nikapendekeza tuiuze, tununue ile ndogo.

"Asi! Mwalimu, uuze kitu kilichoombewa? Na kibao cha marehemu je?" mwenyekiti akaruka. Ndiyo, wameibandika kibao chenye jina la marehemu wa familia iliyochanga zaidi. Haiuziki, haiongezeki.

Nikawa nachomoa maikrofoni ya wazee ili akina mama waimbe. Wazee wakanishtaki. Jumapili iliyopita mwenyekiti akatangaza kwamba kila kikundi kibaki na tundu lake, hakuna kuchomoa. "Akina mama Mungu amewapa mapafu," akasema, na watu wakacheka.

Mke wangu hakucheka. Ndiye anayeanzisha nyimbo katika kwaya hiyo. Tangu apasuliwe kooni, sauti yake imekuwa uzi; bila maikrofoni haifiki benchi la tatu. Jioni alikunja sare yake akaniambia, "Baba Mwende, anayechomeka ni wewe. Kama sina tundu, niambie wewe mwenyewe niache kuimba. Usimwachie yule mwenyekiti."

Nitamwambia nini? Nikiwaachia vyombo, hakuna mwingine anayejua kuviendesha. Ibada yote itakuwa miluzi ya spika, na kwake hakuna kitakachobadilika. Nikibaki, mkono utakaomnyamazisha ni huu wangu. Mchungaji ananiambia nivumilie. Nivumilie hadi lini, na chombo chenyewe hakina pa kukua?

Sasa nasema nanyi, wenyeviti na waweka hazina wa kamati za makanisa mnaosoma hapa, ninyi mnaonunua kwa macho. Msiniandikie "omba, Mwalimu." Nimeomba. Andikeni hapa chini maneno nitakayomwambia mwanamke huyu kabla ya Jumapili, na muyaandike kama mtu atakayemtazama usoni akiyasema.