Nilinakshi vijaluba vya baba kwa mkono wa kushoto, mpaka siku tuliyoitwa Mbeya

Wakuu, salamu zenu wote humu ndani.

Shikamoo zenu nimeshazipokea kabla hamjazitoa, maana nina hakika mimi ndiye mkubwa kuliko wote kwenye jukwaa hili. Ni bibi wa kweli, si wa kutania. Meno yamebaki ya kuhesabu, na ID hii nimefunguliwa na mjukuu wangu.

Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo nikichelewa kujibu msidhani nimekimbia uzi. Ninayoyasimulia niliyaona mwenyewe, na nilipopasahau nitasema nimesahau.

Ni mambo ya miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Tulikaa Iringa mjini, karibu na soko.

Siku hizi nikijilaza mchana naiona nyumba ile kama nimeiacha jana. Ukungu umejaa uani mpaka huoni kisima. Naisikia mivukuto ya kupulizia moto kabla sijaiona, halafu nyundo ya baba, ndogo, taratibu. Nafungua macho najikuta nipo sebuleni kwa mwanangu na TV inapiga kelele.

Tuendelee.

Baba yangu, Fundi Shomari, asili yake pwani. Babu yake alipanda bara na misafara ya biashara akaoa huku huku. Ukoo wetu ulikuwa na kazi moja tu: vijaluba.

Kwa vijana: kijaluba ni kikasha kidogo cha shaba cha kutia mfukoni, chenye kifuniko cha bawaba na nakshi juu. Wazee wa Kihehe walitilia ugoro. Watu wa pwani walitilia tambuu. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa misheni alitilia vipande vya chaki, na alikuwa akikitoa kwa madaha utadhani mna dhahabu.

Shaba tuliipata kwenye masinia yaliyotoboka na maganda ya risasi yaliyobaki baada ya vita. Baba aliikata, akaikunja kwenye gogo la mninga, akailehemu. Kisha kijaluba kinajazwa nta iliyochanganywa na majivu, ili shaba isibonyee wakati wa kuchonga. Baada ya hapo ndipo nakshi inaanza.

Nakshi zetu zilikuwa majani tu. Majani na vikonyo, yanazunguka kifuniko na kurudi yalikoanzia. Kwetu hatukuchonga mnyama wala mtu.

Na kulikuwa na desturi moja ya ukoo: jina la mwenye kijaluba huandikwa mwisho kabisa, na huandikwa mbele yake, au mbele ya anayekitoa kama ni zawadi. Mteja anakaa, fundi anasema bismillahi, anachonga, mteja anatazama jina lake likitokea herufi kwa herufi. Baba alisema jina lililoandikwa mwenyewe hayupo ni kama salamu iliyotumwa kwa mtu asiyejulikana.

Sasa hapa ndipo shida ilipoanzia.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano hivi baba alipoanza kujichoma vidole. Mwanzo tulicheka. Halafu siku moja nikamwona amekaa na kijaluba mkononi, amekisogeza karibu kabisa na uso, analigeukia jua huku na huku.

Akaniambia, "Mwanangu, kuna ukungu leo?"

Hakukuwa na ukungu. Ilikuwa saa saba mchana na jua limewaka.

Nilimdanganya. Nikasema, "Upo kidogo, baba."

Siku ile ile nilichukua tindo, kile chuma cha kuchongea, na kumalizia majani aliyoyaacha. Sikuombwa, wala hakunikataza. Alikaa karibu yangu, nikimaliza jani anapitisha kidole gumba juu yake na kusema, "Hilo limelala vizuri," au, "Hilo lina haraka." Nikawa namalizia la pili, la tatu, mpaka ikawa kazi yangu.

Ila wakuu, mimi ni mtu wa mashoto.

Kula nakula kwa mkono wa kulia, mama alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa mpaka nikazoea. Chuoni, kwenye Kurani, nako mwalimu alikuwa na bakora, kwa hiyo kalamu nilishika kulia. Lakini tindo halikuwa na mwalimu. Nilipolishika mara ya kwanza lilikwenda lenyewe mkono wa kushoto, na nikiliweka kulia linateleza kama samaki.

Kwa hiyo majani ya baba yalilalia kulia, na yangu yakalalia kushoto. Hakuna aliyegundua. Mteja anatazama kinavyong'aa, nani ana muda na jani limelalia wapi.

Wakati wa kuandika majina tulifanya ujanja. Nilitoboa vitone vidogo vidogo vya herufi mapema. Mteja akija, baba anavitafuta kwa ukucha wa kidole gumba, anavifuata na tindo kana kwamba anaona. Mkono wake ulikuwa na kumbukumbu ya miaka mingi. Hata mimi niliyejua nilikuwa nasahau kwamba haoni.

Tulikwenda hivyo miaka mitatu. Jina la Fundi Shomari likazidi kukua, watu wakasema uzeeni ndiyo amezidi kunoga. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nasikia sifa zangu zikipewa baba.

Niseme ukweli? Ziliniuma. Nilimpenda baba kuliko kitu chochote, na bado ziliniuma. Mambo hayo mawili yalikaa moyoni mwangu pamoja bila kugombana.

Basi akatuma salamu tajiri mmoja wa Mbeya, Bwana Kassimu, mfanyabiashara wa mchele. Alikuwa na vijaluba vyetu viwili tayari, kimoja chake cha mfukoni na kingine alimzawadia shemeji yake. Sasa anataka cha tatu, kikubwa kidogo, cha kumpa mkwewe mtarajiwa, baba wa binti, siku ya kupeleka posa ya mwanawe. Miguu inamsumbua siku hizi, hawezi kusafiri, kwa hiyo fundi aende akaandike jina la mkwe huyo kwake, barazani, mbele ya wageni.

Mama alisema tukatae. Baba akasema tukikataa watu watauliza kwa nini, na wakishauliza, kazi imekwisha.

Nilikifanya kijaluba kile mwezi mzima. Sijawahi kufanya kizuri kama kile, kabla wala baada. Bawaba yake niliikaza hivi kwamba ukikiachia kifuniko kinashuka polepole kama mtu anayesinzia, kisha kinafunga bila sauti. Nikatoboa vitone vya jina, vidogo kabisa. Baba akavipitia kwa ukucha jioni saba mfululizo.

Tukapanda gari la abiria na mizigo. Barabara ya wakati ule ilikuwa vumbi mwanzo mwisho, si hii mnayoteleza nayo sasa hivi. Dereva alikuwa Mbena, Mlutheri, aliimba nyimbo za kanisani tangu tunatoka mjini, na baba akawa anapiga mguu kumfuatisha.

Tulipofika Nyololo ukungu ukashuka kweli kweli. Gari likaenda mwendo wa mtu. Kina mama wenye viazi vya kuchemsha walitokea kwenye weupe ule mikono kwanza, nyuso baadaye. Baba akaniomba nimsimulie ninachokiona. Nikamwambia, "Baba, leo hakuna anayeona."

Akacheka sana. Nadhani ilikuwa safari yake ya furaha. Na mimi nilitamani ukungu ule usiishe, gari liende tu hivyo hivyo, tusifike mahali popote.

Mbeya tulifikia kwa ndugu wa mama. Asubuhi yake nikakitoa kijaluba kwenye kitambaa. Vumbi la njia lilikuwa limeingia, kimefifia.

Sasa mafundi mliomo humu mtanielewa. Hakuna fundi anayepeleka kazi imefifia. Nikaomba ndimu na majivu, nikakaa mlangoni natazama mlima Loleza ukijifunua mawingu, huku nasugua. Nilisugua kwa raha, sikumbuki hata nilikuwa nawaza nini. Kikawaka.

Nilisahau vitone.

Sikujua mpaka tumeshakaa barazani kwa Bwana Kassimu. Wageni kama wanane, wote wanaume wazima, kahawa inazunguka. Mimi nimekaa chini nyuma ya baba na mkoba wa vifaa. Baba akasema bismillahi, akapitisha ukucha juu ya kifuniko.

Akapitisha tena.

Mara ya tatu ndipo nilipoelewa. Vile vitone vilikuwa vyepesi mno, nimevisugua vyote, na vilivyobaki vimejaa majivu. Baba alikuwa ameshika kifuniko kitupu, laini kama kioo, na watu wanane wanamtazama.

Alijaribu hivyo hivyo. Tindo likateleza likakata mstari katikati ya majani.

Sikufikiri. Nilinyoosha mkono nikalichukua tindo kutoka kwake, nikakiweka kijaluba gotini na kuanza herufi ya kwanza. Kwa kushoto, mkono unaonitii.

"Binti!" Bwana Kassimu aliniita kwa sauti. "Jina la mtu haliandikwi kwa mkono wa kushoto. Na hasa la mkwe."

Mmoja wa wageni akacheka akasema kumbe fundi amekuja na fundi wake. Wengine wakacheka naye.

Bwana Kassimu hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alimgeukia baba akamwambia kwa upole, "Fundi, safari imekuchosha. Kapumzike, kesho utakuja kuandika mwenyewe. Huyu mtoto alitaka kukusaidia tu."

Mlango wa kutokea ulikuwa huo wakuu. Baba angeitika tu, tungerudi kwa ndugu yetu, ningetoboa vitone upya, na kesho jina lingeandikwa. Mimi mwenyewe niliomba kimoyomoyo aitike.

Baba akasema:

"Si safari, bwana. Macho yangu hayaoni, mwaka wa tatu sasa. Hicho kijaluba cha mfukoni mwako, na kile cha shemeji yako, vyote ni mkono huo huo wa kushoto. Mimi nilikuwa nakaa mbele tu."

Yule mgeni aliyecheka akatua kikombe chake.

"Kama unaukataa leo," akaongeza, "ukatae wote."

Bwana Kassimu akaingiza mkono mfukoni. Nilidhani anatoa kijaluba atutupie. Akakishika humo humo mfukoni, hakukitoa. Akasema mambo ya mkwe ni mazito, hawezi kupeleka kitu chenye maneno, tumwie radhi. Kipya akakirudisha. Cha zamani akabaki nacho, na hadi leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Tulirudi na gari la keshokutwa yake. Tukapita Makambako. Mimi nilikuwa nalia chinichini, najiona nimemuua baba yangu kwa ndimu.

Nikamwambia, "Baba nisamehe. Mimi ndiye niliyesugua."

Akanishika kichwa. Akasema, "Wewe umesugua mara moja. Mimi nimekula sifa yako miaka mitatu, na nilikuwa nasikia unavyoacha kupiga nyundo kila mteja anaponisifu. Nisamehe wewe, mama."

Enzi zile mzazi hakumwomba mtoto msamaha. Nikamshika mkono mpaka Iringa.

Habari zilitutangulia, si mnawajua madereva. Wateja wa mjini walipungua sana. Kuna waliosema shaba yangu ina nuksi. Waliotuokoa ni wakulima. Mzee mmoja wa Igowole alifika na mtama na kuku, akanisalimia Kihehe, "Kamwene, fundi. Mimi nataka pa kuweka ugoro. Mkono ni wako mwenyewe, si wa pua yangu."

Baba alikuwa anakaa pembeni yangu, na kila mteja akiingia, kabla hata hajasalimia vizuri, anamwambia, "Fundi ni huyu binti yangu." Alisema hivyo kwa kila mtu mpaka alipofariki. Wengine walishachoka kumsikia.

Baadaye nikaolewa Mbeya, nikaendelea na kazi mpaka vikebe vya plastiki vilipoingia na wazee wa ugoro wakapungua.

Funzo langu ni dogo. Kama kuna mtu anafanya kazi nyuma yako, mtaje angali anasikia. Mtaje hata kama kesho watu watakucheka.

Najua humu kuna maofisa, wanamuziki, mafundi, watu wenye majina. Karibuni kwenye comment, kila mmoja ataje mtu mmoja ambaye mkono wake ulifanya kazi ukasifiwa wewe.

Naanza mimi, ili msiseme bibi anahubiri tu.

Mume wangu aliitwa Athumani, fundi bati. Kwa zaidi ya miaka thelathini yeye ndiye aliyekata shaba yangu, akaikunja, akailehemu, mimi nikatia majani juu. Watu walitoka hadi Tukuyu kuulizia vijaluba vya yule mama wa mashoto. Walikuwa wananiita fundi naye amekaa pale pale na koleo mkononi, nami nikaitika peke yangu, kila mara.

Hakulalamika hata siku moja. Nimemzika sijamwambia.

Athumani. Haya, wa pili nani?