Sauti Iliyokuwa Chini ya Kiti Changu

Baba alinunua gari kubwa lililonizidi umri, na tangu siku hiyo kila mwanamume wa kijiji chetu cha Kianjai akawa daktari wa magari. Ugonjwa wa gari ulikuwa mmoja. Likipita tuta au shimo kwa kasi, liliyumba ghafla upande mmoja, na Baba akaanza kupigana na usukani.

Ingekuwa ni sisi tu, sawa. Lakini Nyanya alikuwa amepasuliwa nyonga hospitalini Embu, na Ijumaa alitakiwa kurudi daktari aangalie kama chuma alichowekewa kimeshika. Mguu haukunjiki, na kwenye matatu, yale mabasi madogo ya abiria, hakuna mahali pa kuunyoosha. Safari iliyopita, kwenye kona ya mteremko wa Nithi, njiani kwenda Embu, gari lilivuka mstari wa katikati na lori likatupigia honi hadi tukapitana. Tulipofika nyumbani Nyanya alisema, "Hii gari yenu siingii tena. Afadhali nibaki kiwete kwangu."

Basi wanaume wakaja kutibu. Baba mdogo alikalia boneti, akainuka, akakalia tena, akatangaza, "Shokapu zimeisha hizi!" Fundi akabadilisha shokapu za mbele, vile vyuma vinavyozuia gari kurukaruka. Gari likayumba. Wakasema ni magurudumu hayajapangwa sawa, wakaenda kuyapangisha Meru mjini, mara mbili. Gari likayumba. Jirani, mwalimu mstaafu, alipiga teke tairi zote nne, akatikisa kichwa akaenda zake. Mpaka leo sijui teke lilimwambia nini.

Wote walitazama mbele kwa sababu wote hukaa mbele. Hakuna aliyewahi kukaa kwenye kile kiti kidogo cha nyuma kabisa, pale ninapotupwa mimi na mizigo. Pale nilisikia kitu: kwanza *ko!* chini yangu, upande wa kushoto. Halafu mkia wa gari unasukumwa kando. Halafu ndio Baba anageuza usukani. Wao walidhani usukani ndio unaanza. Usukani ulikuwa wa mwisho kupata habari.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu mimi nikiulizwa jina langu mbele ya wageni, nalisahau. Lakini huandika kila kitu. Alhamisi, fundi alipokuja tena na maneno yake mengi, nilichana ukurasa kwenye daftari langu, nikauweka juu ya kiti cha dereva, nikakimbilia jikoni.

Kwa haraka zangu, sikuangalia nyuma ya karatasi kuna nini.

Nilisikia fundi akisoma kwa sauti, uwanja mzima ukimsikiliza. "'Tuta la sokoni: ko! kushoto nyuma, mkia kando, kisha Baba usukani. Shimo la daraja: ko! vilevile.' Ati nani ameandika hii?"

Halafu akageuza.

"'Baba mdogo amekalia boneti tena. Kama makalio yangekuwa kipimo, tungekuwa na injinia nyumbani.'"

Kisha Nyanya, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake nje, akacheka mpaka akashika nyonga. "Endelea, fundi. Hapo umesema ukweli."

"'Fundi husikiliza gari akiwa anaongea,'" fundi akasoma. Sauti yake ilipungua.

"Yako hiyo!" baba mdogo akapiga makofi. "Sasa tuko wawili!"

Mimi nilitaka moto wa jikoni unimeze. Lakini Nyanya aliita, "Wewe fundi, umeshaongea mwezi mzima. Ingia huko chini, na hawa wakusukumie gari kando, na ufunge mdomo."

Fundi alilala chini ya ekseli ya nyuma, mhimili unaobeba magurudumu mawili. Baba na baba mdogo wakasukuma gari huku na huku. *Ko.* Hata jikoni nilisikia. Kuna chuma kirefu kinachokingama huko chini, kazi yake ni kuishika ekseli isiteleze kando. Bolti yake ya kushoto ilikuwa imelegea kitambo na kulila tundu mpaka likawa na umbo la yai. Fundi alitoka na mafuta shavuni, akasema, kana kwamba ni yeye aliyegundua, "Nilikuwa nashuku hapo."

Alishuku! Wapi? Lini?

Ijumaa tundu lilikuwa limechomelewa na kutobolewa upya, na bolti mpya ndani. Nyanya aliingia, akaunyoosha mguu, akashika rozari bila kuamini. Hakuna aliyeniambia asante. Baba mdogo alinipa mizigo mingi kuliko kawaida.

Tukateremka Nithi. Kwenye ile kona ya lori, Baba alipunguza mwendo, akauliza bila kugeuka, "Wewe wa nyuma huko. Unasikia nini?"

Nilisubiri shimo lipite chini yangu. Nikasubiri la pili.

"Hakuna," nikasema.

Nyanya aliiweka rozari mfukoni, akalala mpaka Embu.